Ripoti mbili, ubongo mmoja

(Haya, kuhusu ripoti za picha za ubongo wa mtoto aliye tumboni zinapopishana, niliyaongea mbele ya wakunga, watu wa altrasaundi, wanafunzi wa radiolojia na wazazi kadhaa waliokaribishwa. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimekata tu itifaki manake hizo kila mtu anazijua.)

Shikamooni wakubwa, na nyie wadogo zangu wa radiolojia mliojibanza kule mlangoni nawaona, sogeeni mbele viti vipo. Mwenyekiti kasema nisizidi dakika 40 kwa hiyo salamu naziishia hapo.

Tuanze na milimita 10. Ndani ya ubongo wa mtoto aliye tumboni kuna vyumba vya maji, ventrikali, na vile viwili vikubwa, cha kulia na cha kushoto, kila anayeshika probu, kile kifaa cha altrasaundi kinachopitishwa tumboni, anatakiwa avipime. Chini ya 10 unaandika kawaida. Ikifika 10 unaandika vimepanuka, ventrikulomegali, na kuanzia hapo mama wa watu halali. Sasa hii 10 ilitoka wapi? Ilitoka Marekani mwaka 1988 kwa Cardoza, Goldstein na Filly, walipima watoto wasio na tatizo wakakuta wastani unacheza kwenye 7.6, wakapanda juu mpaka mahali ambapo mtoto mzima kufika ni nadra sana, wakapiga mstari. Uzuri wa namba yao ni kwamba upana huo haubadiliki sana toka wiki ya 14 hivi mpaka mtoto anazaliwa, ndo maana dunia nzima imeishika, huhitaji hata chati. Ubaya wake ni kwamba mtoto wa 9.8 na mtoto wa 10.2 hawana tofauti yoyote ya maana isipokuwa mmoja wao kashapewa jina la ugonjwa.

Chukua mama kijacho wa wiki 22. Jumatatu kapima kwenye zahanati ya jirani, 9.6, kawaida. Alhamisi kapelekwa sehemu nyingine kwa sababu ya kondo la nyuma wala sio ubongo, wakapima tena, 10.3, ventrikulomegali, apewe rufaa. Anarudi kwa mkunga na karatasi mbili mkononi anauliza, jamani nani hapa ananidanganya? Na sisi wenyewe wa fani mdomo unatuwasha, tunasema aah yule wa kwanza hajui kazi, au yule wa pili anatafuta hela ya vipimo. Wakati ukweli ni kwamba hizo 0.7 za katikati ni ndogo kuliko kosa la kawaida la mkono wa binadamu, hata mimi nikipima mara mbili mtoto yuleyule ndani ya nusu saa naweza nikapata hizo namba mbili.

Manake kupima kwenyewe kuna masharti. Mkato, yaani ile picha inayouonyesha ubongo kama umekatwa kipande, uwe wa usawa kabisa, ule mstari wa katikati ya ubongo ugawe nusu sawa kwa sawa, alama za kupimia zikae kwenye ukuta wa ndani sio wa nje, zikate chumba kwa pembe mraba sio kwa mshazari. Ukikosea moja tu namba inapanda. Chukua papai ulikate kwa usawa, lile tundu la mbegu utaliona ni duara dogo la kawaida, likate kwa mshazari tundu limekuwa refu na pana, na papai ni lilelile. Afu kuna ule upande wa kichwa ulio karibu na probu, mfupa wake unarudisha mwangwi, skrini inajaa ukungu, huoni kitu, kwa hiyo wengi wanapima wa mbali tu kisha wanaandika "ventrikali zote mbili ziko sawa". Mnacheka. Mnacheka kwa sababu mnajijua.

Nimeanza na hii kwa sababu ndo ugomvi mwepesi kuliko yote, namba tu. Ugomvi mzito uko kwenye majina.

Kuna kupishana kwa aina ambayo mmoja kaona kitu na mwenzake hajakiona kabisa. Kuna kupishana ambako wote wawili wameona kitu kilekile, picha ileile, lakini huyu anakiita hivi na yule anakiita vile. Na kuna kule ambako wanakubaliana kuona, wanakubaliana jina, halafu wanamwambia mama vitu viwili tofauti kuhusu mtoto atakavyokuwa. Hiki cha tatu ndo kinaumiza watu na ndo hatukiandiki popote. Timu ya Deborah Levine kule Boston ilitoa mwaka 2008 kazi nzima inayohusu kutokubaliana tu, mara ngapi na kwa nini, kwa watoto waliopewa rufaa kwa ajili ya ventrikali kubwa, na hao ni watu wenye mashine ambazo sisi tunaziona kwenye brosha. Kwa hiyo mtu asije akawaambia kwamba ripoti kupishana ni tatizo la nchi maskini.

Sasa Uingereza waliamua kuacha kubishana kwa mdomo. Walifanya utafiti unaitwa MERIDIAN, kiongozi wake Paul Griffiths wa Sheffield, vituo 16 vya mimba zenye matatizo, majibu yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2017. Walichukua akina mama wa wiki 18 na kuendelea ambao altrasaundi ilisema ubongo wa mtoto una kasoro, wakawafanyia MRI, zile picha za mashine ya sumaku, ndani ya wiki mbili, halafu wakasubiri. Mtoto akizaliwa anapigwa picha za ubongo, akifariki au mimba ikikatishwa unafanyika uchunguzi wa mwili, hapo ndo ukweli unapatikana, wanarudi nyuma kuangalia nani alisema sawa. Waliofikia mwisho wakiwa na jibu kamili walikuwa 570. Altrasaundi ilipatia kwa 68%, MRI kwa 93%.

Watu wengi wakifika hapo wanafunga kitabu, wanasema basi kila mtu aende MRI. Ngoja kwanza. Kuna namba nyingine mlemle ndani ambayo mimi naiona ni kubwa kuliko hizo mbili. Walimuuliza kila msomaji, una uhakika kiasi gani na hiki unachokiandika? Kwa upande wa altrasaundi, 82% ya majibu yaliandikwa kwa uhakika mkubwa. Linganisha sasa. Uhakika 82, usahihi 68. Hiyo 14 ya katikati, kwa kila mia, ni kiwango cha chini cha akina mama waliokaa kwenye kiti wakaambiwa kwa sauti thabiti kabisa kitu ambacho hakikuwa hivyo. Kwa MRI uhakika ulikuwa 95 na usahihi 93, yaani kujiamini na kupatia vilikuwa vinatembea pamoja. Mimi sio shabiki wa MRI, nitasema mbele, lakini hilo la kujiamini kupita kiasi ni letu sisi watu wa probu, tulibebe. Na usidhani ni hesabu za makaratasi tu, zaidi ya theluthi moja ya hao wanawake matunzo yao yalibadilika baada ya MRI.

Haya, wale wa altrasaundi hawakukaa kimya. Malinger wa Tel Aviv, Pilu wa Bologna na wenzao walijibu kwenye jarida la chama chao, na hoja yao ukiisikiliza ina uzito. Wakasema nyie mmechukua MRI iliyosomwa na watu waliobobea kwenye ubongo wa mtoto, mkailinganisha na altrasaundi ya kupitia tumboni ya siku zote, ile mikato mitatu ya usawa, basi. Hamkuilinganisha na nyurosonografia yenyewe, ambayo kama mtoto ameelekeza kichwa chini unaingia na probu ya ukeni, unapita kwenye utosi wake, unaangalia ubongo kwa mikato yote, mbele, pembeni, katikati. Na ni kweli ukishafanya hiyo unaona vitu vingine kabisa. Mwaka 2020 kikundi cha vituo vingi, ENSO wanajiita, wakaonyesha watoto 556 wenye ventrikali zilizopanuka kidogo au kiasi bila kasoro nyingine, ambao tayari walishafanyiwa nyurosonografia nzuri, MRI ikaongeza kasoro mpya kwa 5.4% tu. Kwa hiyo mtu anakuja na 25% za tofauti, mwingine anakuja na 5, wote wana data, wote wamechapisha.

Nani mkweli? Wote, kwa sababu hawakuuliza swali moja. Wa kwanza aliuliza MRI inaongeza nini juu ya altrasaundi kama inavyofanyika mitaani, kwa kasoro za kila aina. Wa pili aliuliza inaongeza nini juu ya altrasaundi ya bingwa, kwa kasoro moja nyepesi. Na kuna kitu kingine kwenye MERIDIAN ambacho mtu akikusomea zile asilimia hakwambii, msomaji wa MRI alikuwa anajua altrasaundi imesema nini. Aliingia kwenye chumba cha mtihani ameshaona majibu ya mwenzake. Hilo sio kosa, ndivyo kazi inavyofanyika kila siku, ila usiite hayo mashindano ya haki.

Na MRI nayo ina madhaifu yake bwana. Mtoto anacheza, picha inaharibika. Mikato yake ina unene wa milimita 3 au 4, kwenye ubongo wa wiki 20 hiyo ni nene, kitu kidogo kinapotelea katikati ya mkato na mkato. Chembechembe za chokaa ambazo maambukizi yanaziacha, altrasaundi inaziona vizuri zaidi. Yenyewe inashinda kwenye mikunjo ya ubongo, kwenye damu iliyovuja zamani, kwenye sehemu ya nyuma chini, na kwenye mimba kubwa ambapo mfupa wa kichwa umekomaa na sauti haipiti tena. Kubwa kuliko yote, MRI inahitaji macho yaliyozoea. Mpe picha za mtoto wa wiki 23 mtu hodari kabisa anayesoma bongo za watu wazima waliopata kiharusi, ataona ubongo umelainika kama jiwe la mtoni na ataandika ugonjwa, wakati kwa umri ule ubongo ndivyo unavyotakiwa uwe.

Hapo ndo nafika kwenye kitu ambacho nadhani kinasababisha ugomvi mwingi kuliko mashine zote, nacho ni muda.

Ubongo wa mtoto tumboni haukai. Ukiuangalia wiki ya 17 na ukauangalia wiki ya 30 ni vitu viwili. Lile daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo, kopasi kalosamu, mpaka wiki ya 18 hadi 20 ndo linakuwa limejijenga lote, ukimwambia mama wa wiki 16 kwamba mwanao hana daraja unaongea mapema mno. Vemisi, ile sehemu ya katikati ya ubongo mdogo wa nyuma, nayo inashuka na kujifunga taratibu, ukichungulia kabla haijamaliza utaona uwazi na mkono utakuwasha kuandika Dandy-Walker. Dandy-Walker ni kasoro ya sehemu hiyo ya nyuma ya ubongo, ni jina zito, mama akiingia intaneti usiku huo anakutana na mambo ya kutisha. Halafu baada ya wiki nne anarudi, uwazi umeziba, mwenzio anaandika kawaida. Nani alikosea? Picha ya kwanza ilikuwa sahihi, uwazi ulikuwepo kweli. Kilichokosewa ni kuupa jina wakati bado haujastahili jina. Na hata kwenye mimba kubwa, kile kifuko cha Blake, kifuko cha maji kilicho nyuma ya ubongo mdogo, kikichelewa kufunguka kinaisukuma vemisi juu, ukiangalia kwa mkato mmoja tu unaona imepungua, ukiangalia kwa katikati unakuta ipo nzima imenyanyuliwa tu. Kitu kimoja, majina matatu manne kulingana na nani kashika probu na kwa pembe gani, na matarajio ya mtoto kwenye hayo majina yanatofautiana kama mbingu na ardhi.

Sasa kwetu sisi ongeza lingine. Shirika la Afya Duniani toka 2016 linashauri altrasaundi moja kabla ya wiki 24. Hebu wakunga niambieni ukweli, wangapi wanakuja kabla ya wiki 24? Mnaguna. Mama anakuja kwa mara ya kwanza tumbo limeshamtangulia, ukimuuliza siku ya mwisho kuona siku zake anakwambia ilikuwa karibu na Idi, Idi ipi, hajui. Unapima kichwa, kinatoa wiki 27. Tarehe zake za kukisia zinatoa 31. Je, mimba ni ya wiki 27 na kichwa kiko sawa, au ni ya 31 na kichwa ni kidogo mno? Mtu mmoja atamwandikia kawaida, mwingine atamwandikia maikrosefali, mtoto yuleyule siku ileile. Na mikunjo ya ubongo vilevile, ule wa wiki 26 unaruhusiwa kuwa na mikunjo michache, wa 31 hauruhusiwi. Kwa hiyo kabla hujabishana na mwenzio kuhusu ubongo, kabishaneni kwanza kuhusu tarehe. Mimba ikiwa bado changa, upana wa ubongo mdogo kwa milimita unakaribia sana idadi ya wiki, wiki 20 ni kama milimita 20, ni msaada mzuri mpaka kwenye 22 hivi. Baada ya hapo msaada unapungua, na dawa ya kweli ni kumrudisha baada ya wiki mbili mpaka nne uone kichwa kinakua kwa kasi gani. Mwendo unasema ukweli kuliko picha moja.

Kuna kupishana kwingine ambako sio kati ya ripoti na ripoti, ni kati ya ripoti na mtoto mwenyewe, na huku kwetu Afrika Mashariki hili ni lazima lisemwe. Mama alipima, akaambiwa ubongo safi. Mtoto kazaliwa mzima. Miezi mitatu baadaye kichwa kinakuwa kikubwa, anapelekwa, ni kichwa maji. Familia nzima inageuka, wale wa altrasaundi walituficha, au hawakuona. Sikilizeni. Benjamin Warf, daktari wa upasuaji wa ubongo aliyefanya kazi Mbale, Uganda, kwenye ile hospitali ya CURE, alichapisha mwaka 2005 kuhusu watoto wa vichwa maji aliowatibu, na karibu 60% chanzo chao kilikuwa maambukizi, mengi ya hayo yakiwapata wachanga ndani ya mwezi wa kwanza wa maisha. Yaani mtoto kazaliwa na ubongo wake mzima, akapata homa kali, degedege, usaha ukaziba njia za maji, vyumba vikajaa. Altrasaundi ya wiki 22 haikuwa na namna ya kuona kitu ambacho hakijatokea. Ndo maana mimi nawaambia wapiga picha, usiandike "ubongo wa mtoto hauna tatizo". Andika leo, kwa umri huu wa mimba, kwa mashine hii, sehemu hizi nimeziona na ziko kawaida, sehemu hizi sijaziona kwa sababu mtoto kageuza kichwa. Ni maneno mengi, ndiyo, lakini ndo kazi yenyewe.

Afu hilo la Mbale lina upande mzuri, manake Warf na wenzake hukohuko ndo waliokuza ile njia ya kutoboa mlango wa maji kwa kamera ndogo na kuchoma vile vinyama vinavyotengeneza maji, badala ya kila mtoto kuwekewa mpira wa kutoa maji kichwani, na mwaka 2017 walichapisha majaribio ya watoto 100 wakilinganisha njia hizo mbili. Dunia ilikuja kujifunza kwetu. Nimechepuka, tuendelee.

Swali ambalo wanafunzi wananiuliza, sasa dokta, kama altrasaundi inakosea, MRI inakosea, ukweli anao nani? Hilo ni swali gumu kuliko mnavyofikiri. Tunasema uchunguzi wa mwili baada ya kifo ndo hakimu. Lakini ubongo wa mtoto mchanga vile una maji mengi, akikaa siku kadhaa tumboni baada ya kufariki unayeyuka, unaufungua hauna la kukwambia, na familia nyingi hazikubali uchunguzi na wana sababu zao, huwezi kuwalazimisha. Mtoto akizaliwa hai tunasema MRI ya baada ya kuzaliwa ndo hakimu, lakini hiyo nayo inasomwa na binadamu. Na hata hivyo wote hao wanatuambia ubongo umekaaje, hawatuambii mtoto atakuwaje. Chama cha madaktari wa mama na mtoto cha Marekani, SMFM, mwaka 2018 kiliandika kwamba ventrikali za 10 mpaka 12 zikiwa peke yake, bila kasoro nyingine, bila maambukizi, bila tatizo la kromosomu, zaidi ya 90% ya watoto wanakua kawaida. Tisini! Na sisi hapa kuna mama anamaliza mimba nzima analia kwa sababu ya 10.3.

Sasa hoja yangu, na hii ndo iliyonileta. Ripoti zikipishana, ule mpishano wenyewe ni taarifa, na mwenye haki nayo ni mama. Tabia yetu ni kuchagua mshindi. Bingwa kasema hivi, basi ile karatasi ya mwanzo ichane. Au MRI imekuja, basi altrasaundi haina maana tena. Mama anabaki na jibu moja lililopigwa pasi, kumbe chini yake kuna watu wawili wenye akili timamu ambao hawakubaliani. Mimi nasema iandikwe. Iandikwe kwamba altrasaundi ya wiki 22 iliona hivi, MRI ya wiki 28 imeona hivi, tofauti inaweza kuwa ni umri, au pembe, au tafsiri, na kilichobaki hatuna uhakika nacho ni hiki. Na wasomaji wawili wakae pamoja wazifungue picha zote mbili kwenye skrini moja kabla mama hajaingia chumbani. Sio kupigiana simu "dokta we uliona nini", na sio kurushiana picha kwenye WhatsApp zikiwa na jina la mgonjwa juu, hilo naliona kila siku na siku moja litatutokea puani.

Wenzetu wa Uingereza mpishano huu unawaangukia mahali pazito sana, manake kule sheria inaruhusu kukatisha mimba hata baada ya wiki 24 kama kuna hatari kubwa ya ulemavu mzito, kwa hiyo ripoti moja kusema daraja lipo na nyingine kusema halipo, hapo mtu anaamua maisha. Kwetu Tanzania sheria haitoi nafasi hiyo, ni kuokoa maisha ya mama tu. Kuna watu husema basi kwetu haina haja, utajua ili iweje? Mimi nakataa kabisa. Mtoto mwenye mgongo wazi, ile alama ya kichwa cha limau na ubongo mdogo uliojikunja kama ndizi ambayo Nicolaides na Campbell waliionyesha London mwaka 1986, ukiijua mapema huyo mama hazalii nyumbani wala kwenye zahanati ya kijijini, anasogezwa karibu na hospitali ya upasuaji, mgongo unafungwa ndani ya siku mbili tatu kabla wadudu hawajaingia. Mtoto wa kichwa kikubwa anapangiwa namna ya kuzaliwa. Baba anapata miezi ya kutafuta nauli na bima. Familia inakuwa imeshakutana na wazazi wengine wenye watoto kama hao kabla mtoto hajafika, kwa hiyo hakuna wa kumfungia mtu ndani. Hizo zote zinategemea ripoti, na ripoti inayoficha shaka yake inampeleka mama mahali pasipo.

Maswali yalikuwa mengi, nitaandika matatu.

Mama mmoja, mtoto wake ana miaka sita, alisimama akasema: mimi niliambiwa mwanangu hana daraja la ubongo, bingwa wa pili akasema lipo ila jembamba, mtoto yuko darasa la kwanza anasoma, anachelewa kidogo kufunga vifungo vya shati, sasa lipo au halipo? Nilimjibu, mama, sijaziona picha zake kwa hiyo sisemi, ila jua kwamba wapo watoto wengi wasio na hilo daraja kabisa, wakiwa hawana kasoro nyingine, ambao wanakwenda shule za kawaida, na wapo wanaopata shida ambazo hazionekani mpaka darasani. Jibu la lipo au halipo lilikuwa na maana kubwa zaidi akiwa tumboni. Sasa hivi anayetakiwa kuangaliwa ni yeye na vile vifungo vyake, apelekwe kwa watu wa mazoezi tiba, ile karatasi aiweke tu kwenye faili.

Kijana mmoja wa altrasaundi kutoka wilayani akauliza, mimi nikiandika sina uhakika, daktari wangu ananigombeza, anasema nimekulipia kozi uje uniambie huna uhakika? Ukumbi ukacheka lakini swali lilikuwa la kweli kabisa. Nikamwambia, usiandike tu huna uhakika ukaishia hapo, hapo hata mimi ningekugombeza. Andika hujaona nini, kwa nini hujaona, na nani au lini anaweza kuona. "Vemisi haijaonekana vizuri, mtoto kalala vibaya, arudiwe wiki ya 24." Ukiandika hivyo umempa daktari kitu cha kufanya.

Wa mwisho alikuwa sista wa kliniki ya wajawazito: mama ana wiki 20, ventrikali moja ni 11, MRI ipo ila ni mbali na ni ghali, ampeleke leo au asubiri? Nikasema kwanza mpeleke kwa mtu anayejua nyurosonografia, hata kama ni mji wa pili, hiyo ni rahisi kuliko MRI na mara nyingi inamaliza kazi. Apimwe maambukizi ya sitomegalovirusi na toksoplazima kama kuna maabara inayoweza. Arudiwe kipimo baada ya wiki nne. Ventrikali ikiwa imerudi au imebaki 11 na kila kingine kiko safi, hela ya MRI abaki nayo. Ikiongezeka, au kukiwa na kitu cha pili kinachotiliwa shaka, hapo MRI, na wala sio leo, wiki ya 20 bado ni mapema kwa hiyo mashine, kuanzia 22 ndo inaanza kuwa na faida na kwa mikunjo ya ubongo 28 mpaka 32 ni bora zaidi. Akauliza, na leo nimwambie nini? Nikamwambia mwambie hayohayo niliyokwambia, pamoja na namba, mwandikie na tarehe ya kurudi kwenye kadi.